Rangi za Kopo: Mhadhara juu ya Mchoraji George Lilanga



Nimepewa saa moja nizungumze juu ya mchoraji wa rangi kali, nami nimemchagua George Lilanga. Mlangoni nimeshaulizwa swali ambalo nililitegemea: Lilanga ni Mmakonde wa kusini, kazi zake kafanyia Dar es Salaam, na huko ndiko alikofariki mwezi Juni 2005, sasa sisi wa chuo hiki cha Dodoma anatuhusu nini? Kwani kanda ya kati haina wachoraji? Inao, tena wakongwe kuliko wote nchini, na kabla sijashuka hapa nitawafikia. Lakini kwanza nivumilieni tumfuate Lilanga, kwa sababu kuna fikra moja nataka tuivunje, na maisha yake ndiyo nyundo nzuri kuliko zote ninazozijua.

Fikra yenyewe ni hii. Picha za Kitanzania zenye rangi za kuwaka huelezwa kila mara kwa maneno yaleyale: furaha, jua, uchangamfu wa Kiafrika. Mtalii huandikiwa hivyo kwenye kijikaratasi cha dukani, na sisi wenyewe tumeyameza maneno hayo bila kuyatafuna. Mimi nasema rangi ya mchoraji huanzia dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi. Kopo gani lipo rafuni, ubao gani unapatikana, mnunuzi ni nani na anaondoka lini, mkono wa mchoraji umezoea kazi gani: hayo ndiyo yanayotangulia. Kipaji kinakuja baada ya hapo, na kwa Lilanga kilikuja kwa kishindo. Ila tukikitaja kipaji mapema mno hatutaiona kazi.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi. Wamakonde hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo kwao mjomba ni mtu mzito. Likumbukeni hilo, maana mjomba atatokea tena baada ya muda si mrefu. Kuchonga alianza kama watoto wengi wa kule, kwa mihogo. Muhogo ni laini, hauna gharama, na ukiharibika unakwenda chunguni. Baadaye akahamia kwenye miti, na kwa mchongaji wa Kimakonde wa wakati ule mti wa maana ulikuwa mpingo.

Hapo tusimame kidogo. Gogo la mpingo lina sehemu mbili: nje kuna ganda na mti mweupe wenye kuelekea unjano, ndani kuna kiini cheusi. Mchongaji anauondoa weupe, anakifikia kiini, anachonga, anapiga msasa, na mwisho anasugua kwa kiwi ya viatu mpaka kinyago kinang'aa. Rangi ya kazi ni rangi ya mti. Katika miaka ya 1950 wafanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, aliyetajika zaidi akiwa Mohamed Peera, walijenga soko la vinyago hivyo vyeusi kwa wageni. Ndani ya soko hilo mchongaji Samaki Likankoa akazusha mtindo wa mashetani: viumbe wenye masikio ya kupepea, jicho lisilo mahali pake, mdomo uliovutwa, mkono unaotokea ubavuni. Mashetani hao ndio Lilanga aliowarithi. Aliwachukua wote wakiwa weusi.

Lakini Wamakonde haohao walikuwa na kazi nyingine ambayo soko halikuijali sana. Lipiko, sura ya kuvaa kichwani katika ngoma ya mapiko, huchongwa kwa mti mwepesi, maana mtu hawezi kucheza usiku kucha akiwa na gogo la mpingo kichwani. Mti ule mwepesi haupendezi wenyewe, basi hupakwa rangi, hutiwa nywele, huwekewa chale za nta. Kwa maana hiyo Mmakonde anayepaka mti rangi hakuwa anavunja mila. Aliyetaka weusi mtupu ni mnunuzi, aliyeamini kwamba weusi ndio asili. Lilanga alipokuja kuchukua brashi na kuanza kupaka vinyago vyake vyekundu, buluu na njano, wapo waliosema ameharibu sanaa ya mababu. Nadhani mababu wangemwelewa upesi kuliko wauza vinyago.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga alikwenda Dar es Salaam, na huko ndiko anakotokea mjomba. Augustino Malaba, mchongaji, alikuwa Nyumba ya Sanaa, karakana iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mtawa Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Lilanga hakuingia pale kama msanii. Aliingia kama mlinzi wa usiku. Wanaoandika maisha yake hupenda kulipitia jambo hilo haraka, kana kwamba ni aibu, wapate kufika kwenye maonyesho ya Ulaya. Mimi naliona ni shule. Mlinzi wa karakana ndiye mtu anayeziona kazi zote zikiwa zimekamilika nusu. Anaona jioni kipi kimenunuliwa na kipi kimerudishwa ndani. Na usiku ana muda. Haukupita muda mrefu akawa miongoni mwa wasanii wa nyumba.

Pale alijifunza mambo ambayo kijijini hayakuwepo. Naomba niyataje mawili, kwani bila hayo rangi zake hazieleweki.

La kwanza ni batiki. Anayefanya batiki huchora kwa nta ya moto juu ya kitambaa, na pale penye nta rangi haiingii. Hivyo hulazimika kuiona picha nzima kama vyumba vilivyofungwa, kila chumba na rangi yake, na kila chumba kwa zamu yake, kuanzia rangi nyepesi kwenda nzito. Hakuna kurudi nyuma. Ukishazamisha kitambaa kwenye pipa la buluu umekizamisha.

La pili ni kuchora juu ya bamba la madini kwa ncha kali, bamba likaliwa na asidi, kisha likapigwa chapa kwenye karatasi. Kazi hii haina rangi kabisa, au ina rangi moja. Yote iko kwenye mstari. Mstari ukitetemeka, asidi inakula mtetemeko huohuo na kuuacha pale milele.

Jumlisha mkono wa mchongaji, vyumba vya batiki na mstari wa bamba. Kabla hajagusa kopo la rangi ya mafuta, Lilanga alikuwa tayari ana kila kitu ambacho rangi ile ingemdai. Mwaka 1978 kazi zake zilipelekwa Washington pamoja na za wasanii wengine wa Afrika, na tangu hapo jina likaanza kutembea. Mwaka 1983 Nyumba ya Sanaa ilipata jengo lake upande wa Upanga, na wakubwa kwa wadogo waliopita pale waliona viumbe wake wamekatwa kwenye vyuma: wanacheza, wanabebana, wanachungulia. Jengo lile halipo tena.

Sasa nije kwenye kopo.

Kuna mtu aliyemtangulia Lilanga kwenye rangi za dukani, na haiwezekani kumruka. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 pande za Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akashika vibarua vya mjini Dar es Salaam, ikiwemo kazi za nyumbani kwa wazungu. Mnamo 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na mwalimu wala turubai. Alichukua hadibodi, yale mabamba ya nyuzi za mbao yaliyokuwa yakipigiliwa silingi, akakata miraba ya kama sentimita sitini kwa sitini, akapaka rangi ya mafuta ya kung'aa, ileile watu waliyopakia baiskeli. Chui, tembo, ndege, mbuyu. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa wageni waliokuja kununua mahitaji. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia, akafa akiwa amechora kwa takribani miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake, akina Simon Mpata, Kasper Henrik Tedo, Ajaba Abdalla Mtalia, January Linda na Adeusi Mandu, wakaendelea, na mwaka 1990 kikazaliwa chama cha ushirika chenye jina lake.

Miaka minne! Msanii mwenye shahada anaweza kuitumia miaka hiyo kutafuta mada. Sisemi hivyo kwa kejeli kwa wasomi, kwani tulikuwa nao wa kujivunia. Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa 1923, alisoma Makerere kwa Margaret Trowell na baadaye chuo cha sanaa cha Slade, London. Picha yake ya 1956 ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Na nchi ilipopata uhuru alitumwa London kuwa balozi wetu. Ntiro alipaka rangi za mafuta za wachoraji, zile za kwenye mrija. Tingatinga alipaka rangi za fundi baiskeli. Lilanga angeweza kwenda upande wowote. Alikwenda upande wa fundi baiskeli, na sababu yake haikuwa falsafa.

Wenye umri wangu mnaukumbuka mwanzo wa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vimekwisha, fedha za kigeni hakuna, sabuni ni ya foleni, sukari ni ya mgao. Nani angeagiza mirija ya rangi kutoka Ulaya? Kopo la kupakia mlango, kwa kubahatisha, lingepatikana. Na rangi ya kopo ina tabia zake, nami naomba mnisikilize hapa kwa makini, hasa nyinyi mnaochora.

Rangi ya mafuta ya kopo imetengenezwa ipakwe kitu kimoja rangi moja. Ina gundi inayojisawazisha yenyewe, kwa hiyo alama za brashi hupotea na uso unakuwa laini kama bati. Ni nzuri kwa mlango. Kwa mchoraji ina maana kwamba yale madoido ya kufifisha rangi polepole, kutoka mwanga kwenda kivuli, ni magumu. Ukichezea sana inavutana na kukunjana. Ukiweka nyekundu pembeni ya nyeupe ambayo haijakauka, nyekundu inatambaa. Basi mchoraji hupaka nyekundu zote, anaweka ubao pembeni, anachukua ubao wa pili, wa tatu, wa nne. Akirudi kwenye ule wa kwanza, nyekundu imeshika, anapaka buluu zote. Nzi akitua, umempata nzi. Thina ikizidi, rangi inapoteza mng'ao. Ikipungua, brashi inavuta nyuzi. Ndiyo maana picha hizi zina sehemu za rangi zilizokatwa wazi, zisizo na kivuli, zenye mpaka mkali. Mgeni huona furaha. Fundi huona muda wa kukauka.

Na makopo yenyewe ni machache. Duka lilikuwa na nyekundu, buluu, njano, kijani, nyeupe, nyeusi, na hudhurungi ya milango. Kuchanganya kunawezekana, lakini ukichanganya rangi tatu za kopo unapata tope, tena tope usiloweza kulipata tena kesho kwa kipimo kilekile. Mwenye akili huziacha rangi zilivyo na kuzipambanisha. Kopo lenyewe limeshamwamulia nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ndiyo inayomtenganisha Lilanga na wapaka rangi mia moja wa jiji lile.

Tuitazame picha ya Lilanga ya kawaida, ya mraba, ya hadibodi, ya aina aliyoifanya kwa wingi. Kuna viumbe watano au sita wamejazana mpaka kingo zinawabana. Wana masikio makubwa, matumbo mbele, midomo kama spika, vidole vichache kuliko vya binadamu. Mmoja amebeba mtungi, mwingine anapiga ngoma, mwingine amemshika mwenzake sikio. Wamevaa: kaptula, kanga, shati la madoadoa. Ni mashetani walewale wa Likankoa, lakini sasa wamehamia mjini, wana majirani na wanadaiwa kodi. Majina ya picha zake nayo mara nyingi ni sentensi nzima ya Kiswahili, kama maneno uliyoyasikia dirishani ukipita uchochoroni.

Sasa acha viumbe, angalia nguo. Hapo ndipo alipoishinda rangi ya kopo. Kwa kuwa hawezi kufifisha rangi, anaikatakata. Shati la njano anatia madoa mekundu, ndani ya kila doa jekundu anatia nukta nyeupe. Kaptula ya buluu inapata mistari ya njano. Ukisogea karibu ni nukta na mistari tu. Ukirudi nyuma hatua nne, njano ile imekuwa chungwa na buluu imepungua ukali, bila yeye kuchanganya chochote kwenye sahani. Jicho la mtazamaji ndilo linalochanganya. Mchoraji Mfaransa Georges Seurat alifika hapo katika miaka ya 1880 kwa kusoma vitabu vya wanasayansi wa mwanga. Lilanga alifika kwa kanga na kwa shida ya makopo. Halafu usuli, ile sehemu ya nyuma ambayo wengi huipaka rangi moja ili wamalize, yeye anaigawa mawimbi au vipande, na kila kipande kinachagua rangi isiyofanana na nguo inayokigusa. Jaribuni kuifanya hesabu hiyo kwa rangi saba na viumbe sita. Ni kama kupanga wageni wa harusi ambao wote wamegombana.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomweka Lilanga chini ya kivuli cha Keith Haring, yule Mmarekani wa picha za kwenye vituo vya treni za New York. Waandishi wa katalogi hupenda kuwalinganisha: mistari minene, watu wanaoruka, rangi bapa. Haring aliyefariki mwaka 1990 alikuwa mtu wa mstari. Rangi kwake ni ya kujazia. Kwa Lilanga mstari ni ukuta wa nyumba, na maisha yako ndani.

Sifa zake zikakua. Mkusanyaji Jean Pigozzi alizinunua kazi zake akaziingiza katika mkusanyiko wake mkubwa wa sanaa za kisasa za Afrika. Ujerumani na Italia akapata wanunuzi wa kudumu. Na katika onyesho la Africa Remix, lililofunguliwa Düsseldorf mwaka 2004 kisha likazunguka London, Paris na Tokyo na hatimaye kufika Johannesburg, alikuwemo. Kwa wakati huo afya ilikuwa imemwacha. Kisukari kilimfanya akatwe miguu. Akaendelea kufanya kazi akiwa amekaa, akizungukwa na vijana na ndugu aliowafundisha: yeye anachora mistari, wao wanajaza rangi, yeye anakagua na kutia sahihi.

Hapa wenzetu wa Ulaya hushtuka. Nani hasa aliyechora? Swali ni halali, hasa pale sahihi inapouzwa kwa bei kubwa, na baada ya kifo chake zimezagaa picha ambazo mtu mwangalifu hawezi kuzinunua bila kuuliza maswali mengi. Lakini karakana ya bwana na wanafunzi ndiyo namna ya kazi aliyoikuta kwa wachongaji, na ndiyo waliyoitumia wachoraji wakubwa wa Italia karne nyingi zilizopita. Shida yangu mimi ni nyingine, na nitaisema wazi. Nyingi ya zile turubai kubwa za miaka ya mwisho ni dhaifu. Zimepakwa vizuri, hazina nzi, lakini ile hesabu ya wageni wa harusi imelegea: rangi zinapangwa kwa zamu, nyekundu, buluu, njano, nyekundu, buluu, njano. Kijana anayejaza hakuwa na sababu ya kupigana na kopo. Kama una fedha ya kununua Lilanga mmoja tu, nunua hadibodi ndogo ya zamani, hata kama kona imemeguka.

Nimewaahidi kanda ya kati. Twendeni Kondoa.

Ukifika Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa kwenye barabara ya kwenda Babati, unapanda mlima kwa miguu hadi kwenye majabali yaliyojikunja kama mapaa. Michoro ya miamba ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Eneo lina kilomita za mraba zaidi ya 2,300 na mapango ya michoro yanakisiwa kuwa kati ya 150 na 450. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, jabali kwa jabali, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Profesa Fidelis Masao aliifanyia utafiti Kondoa na Singida katika miaka ya 1970. Na kazi haijaisha: mwaka 2018, katika pori la Swaga Swaga, mtafiti alikuta mwamba mwingine wenye michoro, miongoni mwake watu watatu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati.

Tazameni rangi. Michoro mikongwe, inayohusishwa na wawindaji walio karibu na Wasandawe na Wahadzabe wa leo, ni myekundu. Watu warefu wembamba, nywele zimepanda kama kofia, miili imejazwa mistari miembamba iliyopigwa kwa kitu chenye ncha, pengine unyoya au kijiti kilichotafunwa. Michoro ya baadaye, ya wakulima, ni myeupe, minene, imepakwa kwa kidole. Nimewahi kumsikia mwongozaji mmoja akiwaeleza wageni kwamba wekundu ule ni damu, ni uhai, ni ibada. Inawezekana. Ila geuka uitazame Kondoa yenyewe: ni nchi nyekundu. Mmomonyoko wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikatolewa kwenye vilima vya Irangi ili udongo upone. Udongo ule ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichopata kutu, na kutu ya chuma ni rangi isiyochujuka kwa jua. Ukiisaga na kuichanganya na mafuta ya mnyama, umeshapata kopo lako. Kijani hakipatikani. Buluu haipatikani. Mchoraji wa Kolo alikuwa na duka lenye rangi mbili tatu, naye akafanya alichokifanya Lilanga baadaye: kwa vile hawezi kuongeza rangi, akaikatakata kwa mistari, mwili mmoja ukapata wekundu mzito na wekundu mwepesi kutoka bakuli moja.

Sisemi Lilanga alirithi kutoka Kondoa. Hakuna nasaba hapo na wala siitafuti. Wanaopenda kuunganisha kila kitu cha Afrika kwa kamba moja nawaachia kamba yao. Nasema ni tatizo lilelile mbele ya mafundi wawili, na majibu yamekaribiana.

Walichotofautiana ni mahali kazi zilipobaki. Michoro ya Kolo imedumu kwa sababu ya ukavu: mvua ya kanda hii ni kidogo, Dodoma mjini hupata kama milimita 570 kwa mwaka, tena kati ya Desemba na Aprili tu, na jabali limeweka paa. Adui wake mkubwa ni watu: wanaorusha maji juu ya michoro ili wapige picha vizuri, na wale wanaochimba pembeni wakitafuta dhahabu waliyoambiwa Wajerumani waliificha. Hadibodi ya Dar es Salaam ina adui mwingine. Ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Hewa ya pwani ikiingia, ubao unavimba kutoka kwenye kingo, rangi inabanduka kama maganda, na nyuma unaota ukungu. Picha nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilizosalia hapa nchini zimefia hivyo, kwenye kuta za nyumba zenye upepo mzuri wa bahari. Zilizohifadhiwa ni zile zilizochukuliwa na wageni waliokuwa wanaondoka, na kwa hiyo mwanafunzi wangu anayetaka kumsoma Lilanga huanza kwa kuandika barua Ulaya.

Na hapo ndipo Dodoma inapoingia. Serikali imehamia hapa kwa vitendo tangu 2016, Mtumba pamejaa majengo ya wizara, na kila jengo lina kuta ndefu. Nimesikia ikisemwa kwamba kuta hizo zitundikwe picha za wasanii wetu. Zitundikwe, na walipwe. Lakini kabla ya ukuta wa ofisi ningeomba kitu kisicho na sherehe ya kukata utepe: ghala. Jumba la taifa la picha tumekuwa tukilisikia kwenye mazungumzo, na kila linapotajwa hufikiriwa Dar es Salaam, kwa sababu watalii wapo kule. Watalii waonyeshwe kule kwa zamu. Picha zenyewe zilale Dodoma, ambako kwa zaidi ya nusu mwaka hewa ni kavu kuliko chumba chochote tunachoweza kukikausha kwa mashine na bili ya umeme kule pwani. Chumba cha kuta nene za tofali, kisicho na dirisha la magharibi, rafu za mbao zilizosimama wima ili hadibodi zisilaliane, na daftari linaloeleza kila kazi ilinunuliwa wapi, kwa nani, na nani aliijaza rangi. Chuo hiki kina wahandisi, kina wanakemia, na kina vijana wanaosoma sanaa. Sioni tunamngoja nani.

Mtaniambia vumbi. Kweli, Septemba hapa vumbi linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Ila rangi ya mafuta ya kopo ina uso wa kigae: vumbi lake linaondoka kwa brashi laini na dakika kumi. Hadibodi iliyokwisha kuvimba kwa unyevu hakuna fundi anayeirudisha.